Tazama Shingo Kwanza: Kuchagua Flashi Ndogo ya Harusi na Safari

Hotuba hii niliitoa mjini Moshi mbele ya wapigapicha wa harusi, mahafali na utalii. Walioshindwa kufika wameiomba, nami naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha; palipolazimu nimezieleza kwa maneno.

Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wadogo zangu mnaoanza, habari za asubuhi? Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya flashi. Sizungumzii taa kubwa za studio, wala miavuli na stendi. Nazungumzia ile flashi ndogo inayokaa juu ya kamera, ambayo mtu anaitia mfukoni, anapanda nayo daladala, anashuka ukumbini na kufanya nayo kazi mpaka keki imeliwa na wazazi wameaga. Ndiyo hiyo hiyo utakayokwenda nayo ukivuka kwenda Unguja, au ukifuatana na wageni kwenda Ngorongoro. Hapo mlangoni nilipokuwa naingia mmeniuliza swali moja kwa namna nyingi: ninunue ipi?

Jibu nalitoa sasa hivi, na muda uliobaki nitautumia kulitetea. Nunua flashi ndogo kuliko zote ambayo kichwa chake kinainuka na pia kinageuka. Narudia: kinainuka, na pia kinageuka. Nguvu yake, betri zake, jina la kampuni, bei, hayo yote yana nafasi yake, lakini yanakuja nyuma ya hilo. Tazama shingo kwanza.

Kwa nini nasisitiza udogo? Canon 600EX-RT ni flashi nzuri mno, lakini ina gramu 425 kabla hujaitia betri nne. Nissin i40 ina gramu 203. Godox TT350 iko karibu hapo hapo, kama gramu 200. Ukiwa umebeba kamera nyepesi ya siku hizi, ukaiwekea juu mzigo wa nusu kilo, kamera inaanza kupinduka mkononi, na ikifika saa nne usiku kifundo cha mkono kinauma. Msafiri ndiyo kabisa: anaitazama kitandani wakati anapanga begi, anaona nafasi inayochukua, anaiacha. Nimewaona wengi wakifanya hivyo. Picha inapigwa na flashi iliyopo.

Haya, tuingie kwenye shingo.

Nilikuwa mwalikwa kwenye harusi moja huku huku Kilimanjaro. Ukumbi umependeza. Katikati dari ni ya jipsamu nyeupe, pembeni kote vimetandazwa vitambaa vya rangi ya dhahabu kutoka juu mpaka chini. Muda wa ndafu ukafika. Mnaijua ile: mbuzi mzima amebanikwa, ana majani mdomoni, anasukumwa kwenye toroli, wapishi wanacheza mbele yake na ukumbi wote umesimama. Kijana aliyekuwa anapiga picha akasimama mbele ya maharusi, flashi imewaelekea usoni moja kwa moja. Nilikuwa karibu, nikakiona kioo cha kamera yake. Paji la uso la bi harusi limeng'aa mpaka ngozi imepotea. Pua imetupa kivuli shavuni. Nyuma ya bwana harusi, kwenye kitambaa cha dhahabu, kimesimama kivuli cheusi chenye mabega. Na kwingine kote? Giza. Yale mapambo ambayo kamati ilichangishana miezi kuyalipia hayapo kwenye picha.

Mama mmoja aliyekuwa anachukua video akamgusa begani, akamwonyesha dari kwa kidole. Kijana akaelewa. Akainua kichwa cha flashi kikatazama juu, akapiga tena. Jamani, ilikuwa harusi nyingine! Mwanga umeshuka kutoka juu, umeenea, nyuso zina umbo, mbuzi ana rangi yake ya kahawia, wapishi wa nyuma wanaonekana wakicheka.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Kijana akataka picha ya wima, maharusi wasimame wote mpaka viatu. Akaigeuza kamera. Flashi yake ilikuwa ya aina inayoinuka tu, haigeuki. Sasa fikirini pamoja nami: ukiilaza kamera kwa ubavu, kule kulikokuwa "juu" kwa flashi kunakuwa wapi? Kunakuwa pembeni. Mwanga ukaenda kugonga kitambaa cha dhahabu kilichokuwa mita mbili kushoto kwake, ukarudi na rangi ya kitambaa. Bi harusi akatoka wa manjano, gauni la manjano, meno ya manjano. Kijana hakuwa na la kufanya. Alikuwa na ujuzi, alikuwa na macho, ila shingo ya flashi yake ilikuwa imeishia pale.

Ndiyo maana nasema kuinuka peke yake hakutoshi. Canon 270EX II inainuka tu. Nikon SB-400 na SB-300 zinainuka tu. Ni flashi ndogo, nzuri, nyepesi, na kwa mtu anayepiga picha za kulala siku zote zinafanya kazi. Lakini sisi tunapiga wima. Picha ya mhitimu na joho lake ni ya wima. Picha ya mama na mwana ni ya wima. Picha anayoweka mtu kwenye simu yake ni ya wima. Kwa kazi zetu, zitazameni Canon EL-100, Nikon SB-500, Nissin i40, Godox TT350. Zote ni ndogo, na zote zinainuka na kugeuka. Ukishika kamera wima, unageuza kichwa, mwanga unarudi darini.

Mtu ataniuliza: dari inafanya nini hasa? Dari inaikuza taa yako. Uso wa flashi ndogo una upana wa vidole vitatu, na mwanga unaotoka sehemu ndogo hivyo unatengeneza kivuli kikali chenye ukingo. Ukiurushia darini, eneo la dari lenye upana wa mita mbili ndilo linalomulika mtu, na mwanga unaotoka sehemu pana unapindapinda kuzunguka uso. Kwa ngozi zetu hili ni kubwa zaidi. Ngozi nyeusi yenye jasho kidogo au mafuta ya vipodozi inarudisha taa ndogo kama doa jeupe: doa kwenye paji, doa kwenye pua, doa kwenye kidevu. Taa pana inageuza yale madoa kuwa mng'ao laini, na ngozi inaonekana ilivyo, na uzuri wake wote. Wateja wetu hawajui kulieleza jambo hili kwa maneno ya kazi. Watakwambia tu, "Wewe ukinipiga natoka vizuri."

Na kuna faida nyingine watu hawaitaji. Mwanga wa moja kwa moja unapungua haraka: anayekaa mita 4 anapata robo tu ya mwanga anaoupata aliyekaa mita 2. Ndiyo maana kwenye picha ya meza kuu, aliye karibu amekuwa mweupe na aliye mwisho amezama gizani. Dari iko mbali na wote karibu sawa, hivyo meza nzima inapata mwanga unaolingana.

Sasa, si kila dari ni rafiki. Dari ya mbao nyeusi inameza mwanga. Makuti yanameza mwanga, na kidogo kinachorudi ni cha kahawia. Hema jeupe ni zawadi. Hema la buluu litawapaka wageni wote buluu. Hapo ndipo kugeuka kunapokuokoa tena. Unatafuta ukuta mweupe nyuma yako au ubavuni mwako, unageuza kichwa cha flashi nyuma juu ya bega lako, unapiga. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe, dari za boriti ziko juu na ni nyeusi, ila kuta zake nene zimepakwa chokaa nyeupe. Geuza kichwa kwenye chokaa. Anayepigwa hataiona hata flashi ilipowaka.

Tazama shingo kwanza. Naomba mlishike hilo.

Sasa nguvu. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa hiyo nivumilieni niingie kwenye hesabu kidogo.

Kwenye boksi la kila flashi kuna namba ya nguvu. Namba hiyo, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga), ukiigawa kwa namba ya tundu la lenzi, ile yenye f, unapata umbali wa mita ambao flashi inafika. Namba 28, tundu f/4: mita 7. Ukipandisha ISO mpaka 400, namba inaongezeka mara mbili. Ukipandisha mpaka 1600, mara nne. Basi, hesabu ndiyo hiyo.

Kulikuwa na mpigapicha wa magazeti New York, Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee. Miaka ya 1930 na 1940 alizunguka usiku akifuata ajali, moto na mauaji, ana kamera kubwa ya Speed Graphic na balbu za mmweko, zile zinazoungua mara moja unatupa. Gizani hakuna muda wa kupima. Aliiseti kamera mara moja: tundu f/16, shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, 1/200 ya sekunde, lenzi imelengwa futi kumi, yaani kama mita 3. Halafu kazi yake ikawa ni kutembea mpaka afike futi kumi kutoka kwa mtu, na kubonyeza. Mnaona alichofanya? Kumi na sita mara tatu ni 48. Ile hesabu ya boksi aliigeuza kuwa hatua za miguu. Hakuhitaji flashi ifike mita 30. Alihitaji ifike mita 3, kila mara, bila kukosea.

Na sisi je? Nani hapa anapiga flashi mita 30? Mhitimu anasimama mita 3. Maharusi wanakata keki mita 3. Mgeni wako kwenye ngalawa yuko mita 2.

Halafu hiyo namba ya boksini yenyewe inataka jicho. Nissin i40 imeandikwa 40. Nikon SB-700 imeandikwa 28. Ukiwa dukani utaona ya 40 ina nguvu zaidi kwa mbali, si ndiyo? Lakini 40 imepimwa kichwa kikiwa kimebana mwanga kwa lenzi ya milimita 105, inayoona eneo dogo, na 28 imepimwa mwanga ukiwa umetawanywa kwa lenzi pana ya milimita 35. Ukiipima i40 kwa milimita 35, inatoa 27. Zimekaribiana kabisa! Basi muuzaji akikutajia namba, muulize: imepimwa kwa milimita ngapi? Asipokujibu, tafuta karatasi iliyomo ndani ya boksi uisome mwenyewe.

Tuiweke hiyo 27 kazini. Dari iko mita 3 kutoka sakafuni, mtu yuko mita 3 mbele. Mwanga ukipanda na kushuka unatembea kama mita 4, na tuseme dari inakula nguvu kiasi cha kukata namba yako nusu, 13 na ushei. Kwa ISO 100 ungeteseka. Lakini nani anapiga ukumbini kwa ISO 100? Weka ISO 800, tundu f/4, na flashi itahitaji kutoa kama moja ya tano tu ya nguvu yake. Moja ya tano! Inabaki na akiba, inajaa upesi, haipati joto. Kamera za leo zinaibeba ISO 800 bila chembechembe zozote za maana kwenye picha. Zamani za filamu ulilazimika kununua nguvu. Leo nguvu nyingine iko ndani ya kamera yako.

Na ISO hiyo inakupa kitu cha pili: ukumbi. Shusha shata mpaka 1/60 au hata 1/30, na zile taa za mapambo, mishumaa ya mezani, taa za DJ, zote zinaingia kwenye picha, kwa sababu mwanga wa ukumbini unakusanywa na shata na mtu anagandishwa na mmweko. Anayepiga 1/200 kwa ISO 100 analeta nyuso zinazoelea gizani. Kama taa za ukumbi ni za njano, katafute kipande cha plastiki ya rangi ya machungwa ukiweke kwenye uso wa flashi, maana kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, flashi iko karibu 5500 na balbu za njano ziko karibu 3000. Bila hicho kipande, mtu ni wa buluu na ukumbi ni wa machungwa, na hutaweza kuwapatanisha kwenye kompyuta.

Sitaki mnielewe vibaya juu ya mwanga wa moja kwa moja. Kuna wakati hakuna dari wala ukuta, na picha lazima ipigwe.

Bamako, Mali, miaka ya 1960. Nchi imepata uhuru juzi tu, vijana wana sahani za santuri na vilabu vyao vya kucheza. Malick Sidibé alikuwa na studio yake pale mjini, lakini Jumamosi usiku alitoka na kamera ndogo na flashi, akienda dansi moja mpaka nyingine, kisha alirudi studio usiku huo huo kusafisha filamu, na siku zilizofuata vijana walikuja kujitafuta kwenye picha ndogo alizozibandika kwenye karatasi ngumu. Ni kazi yetu hii hii, ndugu zangu! Matukio, usiku, mteja anakuja kuchagua picha yake. Picha yake moja ya usiku wa Krismasi mwaka 1963 imezunguka dunia: kijana amevaa suti, msichana yuko pekupeku, ni kaka na dada, wanacheza, vichwa vyao vimekaribia kugusana. Wako nje, hakuna dari. Mwanga umetoka kwenye kamera moja kwa moja. Na picha ile inaishi. Mwaka 2007 Sidibé alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote, na alikuwa mpigapicha wa kwanza kuipata.

Kwa nini pale mwanga mkali umefanya kazi? Kwa sababu wale watoto wanasogea, na mmweko umewagandisha. Na kwa sababu Sidibé alikuwa karibu nao, karibu kweli, katikati ya dansi. Huwezi kuingia katikati ya dansi na mzigo. Aliingia na kitu kidogo.

Nje mchana ni hadithi nyingine tena, na hapa nawageukia wanaofanya utalii. Chukua nahodha wa jahazi, saa saba mchana, amevaa kofia, jua liko utosini. Kofia inatupa kivuli mpaka mdomoni, macho hayaonekani. Kwa jua hilo, ISO 100, shata 1/200, tundu linakuwa f/11. Gawa: 27 kwa 11 ni kama mita 2 na nusu. Yaani flashi yako ndogo ikitoa nguvu yake yote inalingana na jua kwa mita 2 na nusu, na kwa kufungua kivuli tu, nusu ya mwanga huo ukitosha, unaweza kusimama mpaka mita 3 na nusu. Hapo ndipo mpaka ulipo. Kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita 1/200 au 1/250. Ukipita unaona mkanda mweusi kwenye picha. Ziko flashi ndogo zinazoweza kwenda 1/1000 na zaidi kwa kumweka mfululizo, lakini zikifanya hivyo nguvu inashuka sana. Kwa hiyo mpige nahodha picha ukiwa karibu. Na toa kile kikombe cha plastiki cha kukinga jua mbele ya lenzi. Flashi ndogo inakaa chini, na kikombe kitatupa kivuli cha nusu duara chini ya picha.

Sasa betri. Nitakwenda haraka, lakini hapa ndipo harusi zinapokufa.

Mnajua kile kimya kabla ya keki kukatwa. MC anahesabu: moja, mbili, na ukumbi unajibu tatu. Kisu kinashuka, mwanga unawaka, umepata. Halafu bi harusi anamlisha mumewe, wanacheka, cream imebaki kwenye kidevu, shangazi anafuta kwa leso. Picha hizo tatu zinapita ndani ya sekunde tano. Flashi yako inachukua sekunde ngapi kujaa? Kama ni sekunde 2, umezipata zote. Kama ni sekunde 7 kwa sababu umetia betri za dukani zilizokaa rafu mwaka mzima, umepata kisu peke yake.

Betri za AA za alkali zina volti 1.5, za kuchaji za NiMH zina volti 1.2, na watu wanadhani za volti nyingi ndizo zenye nguvu. Kwenye flashi ni kinyume. Flashi inataka umeme mwingi kwa ghafla, na NiMH inautoa kwa urahisi kuliko alkali. Inajaza upesi, na kwenye baridi haizimiki haraka. Wanaopandisha wageni mlimani huku wanajua alkali inavyokufa ukipita kambi ya Kibo. Tafuteni NiMH za aina inayotunza chaji, kama Eneloop, ambazo unachaji leo na wiki mbili baadaye bado zina moto. Ziwekeni seti kwa seti, zilizotumika pamoja zichajiwe pamoja.

Ziko flashi ndogo zenye betri ya lithiamu, kama Godox V350, ambayo watengenezaji wake wanaihesabia mimweko 500 ya nguvu kamili. Ni raha kubwa kwa harusi. Kwa msafiri nina neno moja: betri hiyo ni ya umbo lake peke yake. Ikikufia Mafia au Kigoma, huipati. AA iko kila duka. Na ukipanda ndege, betri za akiba za lithiamu zinakwenda na wewe ndani, hazitiwi kwenye begi la chini, na miguu yake ifunikwe isigusane na chuma.

Nimalizie na dukani. Nenda na kamera yako. Usikubali kununua flashi kwa kuambiwa "inaingia zote". Flashi ya Canon na ya Nikon zinachomeka pale pale, lakini lugha zake za TTL, yaani mfumo wa kamera kupima mwanga kupitia lenzi na kuiamuru flashi, ni tofauti. Sony walibadilisha kabisa umbo la kiatu cha kuchomekea mwaka 2012. Baadhi ya kamera za Canon za bei nafuu, kama EOS 250D na EOS 4000D, hazina ile pini ya katikati, na flashi za kawaida zisizo na TTL, zinazotegemea pini hiyo peke yake, hazitawaka juu yake hata kidogo. Na mkikuta sokoni flashi ya miaka ya 1970 kwa bei ya chai, muwe waangalifu: baadhi ya flashi za enzi zile zinarudisha volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na kamera ya kidijitali inaweza kuungua.

Ukishaichomeka, inua kichwa chake mpaka juu, kigeuze kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Kinashika, au kinaanguka chenyewe? Shika kamera wima ukielekeza flashi darini. Piga nguvu kamili mara kumi mfululizo usikilize inavyojaa. Fungua mlango wa betri uone chemchemi kama zina kutu, hasa kama imetoka Pwani, maana chumvi ya bahari haimwachi mtu. Halafu jaribu kitu kimoja zaidi, ambacho wanaopiga harusi watanielewa: mpige mtu aliyevaa kanzu nyeupe au gauni jeupe kwa TTL. Kamera itaona weupe mwingi, itaibana flashi, na uso utatoka mweusi kuliko ulivyo. Tafuta kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, ongeza mpaka uso uwe sawa. Kitufe hicho kiko wapi? Kama kimefichwa ndani ya menyu tatu, utakihangaikia bi harusi akiwa ameshapita. i40 imeweka gurudumu la mkono nyuma yake, na kwa hilo peke yake naipenda.

Na mahali pengine izime flashi. Kwenye sala, mbele ya mtoto mchanga, mbele ya mnyama usiku, mbele ya mtu ambaye hujamwomba ruhusa. Kule Unguja na Lamu omba kwanza, kwa salamu kamili, kabla hata hujainua kamera.

Nimeleta flashi nne, ziko pale mezani, mbili zinageuka na mbili zinainuka tu. Hii dari ni nyeupe, ule ukuta wa kulia ni wa kijani. Baada ya chai shikeni kamera zenu, mpigane picha za wima kwa zote nne, tuzitazame pamoja kwenye kompyuta, na maswali nitayajibu hapo hapo. Asanteni kwa kunisikiliza.